Nanunua vya msimu kwa bei nafuu, mbona nusu yake inaishia jalalani?

SWALI: Kila mtu ananiambia matunda na mboga za msimu, zilizolimwa karibu, ndizo rahisi. Nimejaribu kwa miezi mitatu. Jumamosi naenda sokoni, narudi na vikapu viwili, na kufika Jumatano nusu vimenyauka au vimeoza. Tuko watano nyumbani: mimi, mume wangu na watoto wa miaka 12, 8 na 4. Pesa ya mboga ni ileile kila wiki, haiongezeki. Isitoshe, mara nyingine mkulima wa karibu anauza ghali kuliko tunda lililosafiri kutoka mbali. Sasa unafuu uko wapi? Na je, nikinunua mboga za kugandishwa nitakuwa nawapunja wanangu? Hata sasa ninapoandika nina ndoo ya nyanya jikoni, zimeanza kulainika.

JIBU: Dada yangu, tuanze na ndoo, maana nyanya haziwezi kusubiri nimalize kuandika. Zimwage mezani leo hii uzichambue. Zilizolainika au kupasuka bila ukungu, zioshe, kata palipopondeka, kisha zichemshe bila kuongeza maji mpaka rojo lipungue kama nusu. Likipoa, ligawe kwenye vyombo vidogo, kila kimoja kiasi cha mapishi ya siku moja, uweke kwenye friza. Yenye ukungu itupe nzima. Usikate upande mbaya ukabakiza mzuri, kwa sababu kwenye tunda laini lenye maji mengi nyuzi za ukungu huwa zimeshapenya ndani kabla jicho halijaona kitu. (Karoti na kabichi ni habari nyingine. Ni ngumu, ukungu hausafiri haraka ndani yake, kwa hiyo kata sentimita 2.5 hivi kuzunguka doa na kinachobaki ni chakula.) Zilizo ngumu bado zipange mezani, upande wa kikonyo chini, pasipofika jua. Ukimaliza rudi tuendelee.

Ulichoambiwa ni kweli, ila uliambiwa nusu. Nyanya zikiiva shambani haziulizi kama soko liko tayari. Wakulima wa eneo moja hupanda majira yaleyale, huvuna wiki zilezile, na wote hukimbilia wateja walewale. Asiyeuza leo, kesho atauza kwa hasara, na keshokutwa atamwaga. Hapo ndipo bei inapoanguka. Kwa hiyo unaponunua katikati ya msimu, mkulima anakuuzia nyanya pamoja na haraka yake. Ukishazifikisha nyumbani, ile haraka ni yako. Usipokuwa na mpango nayo, zitaozea kwako badala ya kuozea kwake, na wewe ndiye utakayekuwa umelipia.

Usijione peke yako. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kutoka madukani, kwenye migahawa na majumbani, na asilimia 60 hivi ya mzigo huo ilitoka majumbani. Nami nakiri. Nimefanya kazi na mazao ya bustani baada ya kuvunwa kwa miaka mingi, lakini niliwahi kubeba tenga zima la embe kwa sababu tu bei ilinichekea. Siku tatu watoto walizila kwa furaha. Siku ya nne walianza kunikwepa.

Kabla hujatoka na kikapu, jua nyumba yako inahitaji nini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema mtu wa miaka 10 na zaidi ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, mtoto wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na wa miaka 2 hadi 5 gramu 250. Viazi na mihogo havimo kwenye hesabu hiyo. Kwako ni watatu wa gramu 400, mmoja wa 350 na mmoja wa 250, jumla gramu 1,800 kwa siku, yaani kilo 12.6 kwa wiki. Kilo 12.6 si kidogo. Vikapu vyako viwili huenda havikuwa vingi kupita kiasi. Shida ni kwamba vilikuwa vimejaa vitu vyenye umri mmoja, vikazeeka vyote pamoja.

Hizo ni kilo za kuliwa, na hapa wanunuzi wengi hujikwaa. Sokoni unapima maganda, mbegu na vikonyo kwa bei ileile ya nyama ya tunda. Kilo moja ya njegere zikiwa kwenye maganda hutoa chini ya gramu 400 za kupika. Nanasi na tikiti maji hukupa karibu nusu ya uzito, ndizi mbivu kama theluthi mbili, kabichi robo tatu na zaidi. Gawa bei kwa kile kitakachoingia sahanini ndipo ulinganishe. Ukifanya hivyo utashangaa: njegere zilizomenywa zinaweza kuuzwa mara mbili na nusu ya bei ya zile zenye maganda na bado hujapunjwa, tena umeokoa saa nzima ya kumenya. Hesabu hiyohiyo inakuhusu wewe kwa upande wa kuoza. Ukitupa nusu ya kikapu, kila ulichokula umekinunua kwa bei maradufu. Unafuu wako ulizama hapo, na hakuna kupatana bei kutakakoufidia.

Kwa upande mwingine, tunatupa vingi vinavyolika. Bua la brokoli ukilimenya ngozi ya nje ni tamu kuliko kichwa chake, kwa maoni yangu. Majani ya bitiruti na ya koliflawa hupikwa kama mboga nyingine yoyote ya majani. Ulishalipia, yatumie.

Sasa msimu wenyewe. Watu huuzungumzia kana kwamba ni mlango, ama umefungwa ama uko wazi. Una mwanzo, una kilele, una mkia. Mwanzoni tunda ni ghali kwa sababu wachache wanalo, na mara nyingi limechumwa changa ili liwahi bei hiyo. Mkiani linakuwa limechoka: majani yametoa maua na kuwa machungu, maharage mabichi yana nyuzi, matango yana mbegu ngumu. Pesa yako ni ya kilele, nacho kwa mazao mengi hudumu wiki chache tu.

Utakijuaje? Kalenda za msimu zinasaidia kwa jumla, lakini mvua ikichelewa au joto likizidi, kalenda inakudanganya. Soko lenyewe husema. Ukiona kila meza ina kitu kilekile, na kimeanza kupimwa kwa ndoo badala ya mafungu, umefika. Pia angalia fungu kabla ya kuangalia bei. Wachuuzi wengi hawapendi kubadilisha bei ya fungu kila uchao, hubadilisha ukubwa wake. Wiki iliyopita fungu lilikuwa na nyanya tano, leo lina nane, bei ni ileile: msimu unapanda. Likirudi kuwa na sita, umeanza kushuka, na kama ulikuwa unawaza kusindika au kugandisha, wiki hiyo ndiyo ya mwisho. Na uliza. Mchuuzi anayekuona kila wiki atakwambia ukweli kuhusu swali hili moja: "Wiki ijayo vitakuwepo bado?" Akijibu kwamba vitakuwepo tele, nunua kidogo leo. Hili peke yake lingeokoa sehemu kubwa ya kinachooza kwako, kwa sababu tunanunua vingi kwa hofu kwamba bei hii haitarudi, kumbe ndiyo kwanza inaanza kushuka.

Orodha ya mapishi isitangulie soko. Ukitoka nyumbani umeshaamua Jumatatu ni maharage mabichi, utayanunua hata yakiwa mabovu na ghali. Toka na nafasi: aina mbili za majani, mbili za kudumu, moja ya kuongezea ladha, matunda aina tatu. Soko lijaze majina. Nasema hivi nikijua kuna watakaonipinga, kwamba mtu mwenye pesa kidogo lazima aandike kila kitu. Andika kiasi cha pesa na kilo, bila kuandika aina.

Nije kwenye swali lako la mkulima wa karibu kuwa ghali kuliko tunda lililotoka mbali. Ukaribu na msimu ni vitu viwili, ingawa hutajwa kwa pumzi moja. Nyanya inaweza kulimwa jirani kabisa, ndani ya banda la plastiki au la vioo linalopashwa joto wakati nje ni baridi. Ya karibu, ndiyo, lakini ya msimu siyo, na gharama ya lile joto unailipa wewe. Tufaha la karibu nalo linaweza kuwa lilivunwa miezi minane iliyopita. Tangu Franklin Kidd na Cyril West walipofanya utafiti wao Cambridge kwenye miaka ya 1920, ghala za matufaha hupunguziwa oksijeni na kuongezewa kabonidioksaidi ili tunda lipumue polepole, likae miezi mingi. Si vibaya, ni tufaha zuri tu, ila usilipie neno "la karibu" ukidhani unalipia "limechumwa jana". Upande wa pili, tunda la mbali linaweza kuwa kwenye kilele cha msimu huko lilikotoka, limelimwa kwenye shamba kubwa, likasafirishwa kwa meli pamoja na maelfu ya masanduku mengine. Mkulima mdogo anayechuma kwa mkono hawezi kushindana na gharama hizo, na sioni haja ya kumlaumu.

Kama kinachokusumbua ni dhamiri ya mazingira, ujue kwamba usafiri ni sehemu ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti Christopher Weber na H. Scott Matthews walipokokotoa chakula cha familia za Marekani mwaka 2008, walikuta usafiri wote ulichangia kama asilimia 11 ya gesi joto zinazotokana na chakula hicho. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na uzalishaji wenyewe. Matunda yanayosafirishwa kwa ndege ni suala jingine, na kwa kawaida bei yake itakufukuza kabla dhamiri haijafika.

Basi ukaribu una thamani gani? Kubwa sana, lakini kwa baadhi ya vitu. Mboga za majani, mahindi mabichi, njegere, stroberi, pichi, tini, vitu vya namna hiyo huanza kupoteza utamu na vitamini tangu saa ya kuchumwa. Spinachi ikikaa kwenye joto la kawaida hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C ndani ya siku chache. Hapo mlipe mkulima wa karibu hata akizidisha kidogo, kwa sababu unanunua siku: majani yaliyochumwa asubuhi hii yatakaa kwenye friji yako wiki nzima, na yale yaliyosafiri siku nne yamebakiza mbili. Kwenye vitunguu, karoti, kabichi, maboga na matufaha sibishani. Hayo yameumbwa kukaa. Nunua ya bei nafuu, popote yalikotoka, alimradi ni mazima. Kwa pesa ya kuhesabu kama yako, msimu uwe wa kwanza na ukaribu wa pili, isipokuwa kwa majani na matunda laini.

Tukiwa kwenye mazima: kitu chenye afya ni kizito kwa ukubwa wake. Shika makabichi mawili yanayolingana, moja kila mkono, chukua zito. Chungwa vilevile. Bamia changa ncha yake inakatika ukiipinda, iliyokomaa inajikunja. Shingo ya kitunguu iwe kavu na nyembamba. Ikiwa nene na laini, kitaanza kuoza kutoka hapo. Tikiti liwe na doa la manjano upande uliolalia ardhi, doa jeupe maana yake lilichumwa mapema. Rangi ya embe usiiamini, aina nyingi huwa nyekundu zikiwa changa. Tazama mabega yake kama yamejaa kuzunguka kikonyo.

Kisha tofautisha daraja na ubora. Karoti iliyopinda, nyanya yenye kovu kavu, tufaha dogo, hayo yameshushwa bei kwa sababu ya sura, na chunguni sura inayeyuka. Mimi hununua daraja la pili kila ninapopika na la kwanza ninapokula mbichi. Kilichopondeka na kuanza kutoa maji si daraja la pili tena. Hicho ni cha leo usiku au si chako kabisa, hata kama mchuuzi anafunga meza na anakuongezea bure. Bei za jioni ni nzuri kwa mtu anayekwenda kupika jioni hiyohiyo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nadhani ndiko vikapu vyako vinakofia. Matunda yako ya makundi mawili. Kuna yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa: ndizi, embe, parachichi, papai, nyanya, peasi, tufaha, pichi. Na kuna yasiyoiva tena kamwe, ulivyoyakuta ndivyo yatakavyokuwa, baada ya hapo ni kuoza tu: machungwa na jamii zake, nanasi, zabibu, tikiti maji, stroberi. Nanasi litabadilika rangi na kulainika, lakini sukari haliongezi. Kundi la pili linunuliwe likiwa tayari, na lisizidi la kula kabla hujarudi sokoni. Kundi la kwanza lina faida kubwa ambayo watu hawaitumii: unaweza kununua umri tofauti. Parachichi moja la leo, mawili ya Jumatatu, mawili magumu ya Alhamisi. Ndizi mbivu chache na nyingine bado zina kijani. Mchuuzi akikuchagulia atakupa zote zinazotaka kuharibika, na ana haki yake, anatafuta riziki. Chagua mwenyewe.

Kinachoivisha kundi hilo ni gesi, ethilini, ambayo tunda lenyewe huitoa. Richard Gane, Mwingereza, ndiye aliyethibitisha hilo mwaka 1934, lakini mtu yeyote aliyewahi kuvundika ndizi kwa kuzifunika pamoja na tunda bivu alikuwa anaitumia bila kujua jina lake. Ukitaka parachichi liive upesi, lifunge kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu. Ukitaka majani yako yafe upesi, yaweke karibu na matufaha na ndizi hizohizo. Gesi hiyohiyo inayafanya majani kuwa ya njano, matango kulainika na karoti kuwa na uchungu. Nina hakika karibu kabisa kwamba droo yako ya chini ya friji ina matunda na majani pamoja. Yatenganishe, wiki hii hii.

Friji nayo si rafiki wa kila kitu. Ndizi, nyanya, biringanya, viazi vitamu, embe na parachichi ambavyo havijaiva huumizwa na baridi. Ndizi hugeuka nyeusi, nyanya zikikaa chini ya nyuzi 12 hivi hupoteza harufu na ladha. Ndizi, nyanya, embe na parachichi viache nje mpaka viive, vikishaiva ndipo friji inaweza kuvisogezea siku mbili tatu. Viazi viwe gizani, nje ya friji. Ndani ya friji wanga wao hugeuka sukari, na kwenye mwanga huanza kuwa kijani na kujenga sumu iitwayo solanini. Vitunguu vipate hewa, kwenye kapu lao peke yao. Majani ni kinyume cha hayo yote: yanataka baridi na unyevu kidogo lakini si maji. Usiyaoshe ukayafungia yakiwa yameloa. Yakung'ute, yafunge kwenye kitambaa au karatasi, kisha kwenye mfuko usiobanwa. Karoti na bitiruti zikate majani siku ileile, kwa sababu majani huendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi. Kama huna nafasi kwenye friji, simamisha mashina ya majani kwenye glasi ya maji kama maua. Yatakupa siku mbili za ziada.

Baada ya hapo panga wiki kwa kufuata kinachokufa kwanza, usifuate hamu. Jumamosi na Jumapili ni majani laini na matunda laini. Jumatatu na Jumanne maharage mabichi, brokoli, matango, pilipili hoho. Kuanzia Jumatano ni zamu ya kabichi, karoti, boga, vitunguu, machungwa, matufaha. Ukinunua sehemu kubwa ya uzito kutoka kundi hilo la mwisho na sehemu ndogo tu kutoka la kwanza, Jumatano yako itabadilika. Na kama soko haliko mbali, gawa pesa: theluthi mbili Jumamosi, theluthi moja Jumatano kwa ajili ya majani pekee. Safari ya pili inachosha, najua. Lakini ukilinganisha nauli na kile unachokitupa sasa, fanya hesabu mwenyewe.

Wingi wa msimu unaweza pia kuugawa. Tafuta jirani wawili, mnunue tenga zima kwa bei ya jumla, mgawane mlangoni. Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kumlipa mkulima mapema ili awaletee sehemu ya mavuno kila wiki. Wajapani wamekuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1970, wanauita teikei. Faida ni bei na ubichi. Hasara yake ni kwamba hukuchagua, na familia isiyopenda bitiruti itakula bitiruti. Kwa mtu anayetupa nusu ya kikapu, nisingekushauri uanze na mpango huo sasa. Kwanza Jumatano ipone.

Kuhifadhi ni pale tu unapokuwa kwenye kilele. Kugandisha ndiko rahisi na salama. Mboga nyingi zichovye kwanza kwenye maji yanayochemka, majani dakika 2, maharage mabichi dakika 3, kisha mara moja kwenye maji baridi sana, zikaushe, zitandaze zigande ndipo uzifunge. Ule mchovyo unazima vimeng'enya ambavyo vingeendelea kuharibu rangi na ladha hata kwenye baridi. Matunda hayahitaji. Kabichi unaweza kulikata nyembamba, kulisugua na gramu 20 za chumvi kwa kila kilo, ukalishindilia kwenye chupa likafunikwa na maji yake lenyewe mpaka lichachuke. Jambo moja nakukataza: kufungia maharage, mahindi, karoti au mboga nyingine zisizo na ukali ndani ya chupa zisizopitisha hewa kwa kuchemsha kawaida tu. Mbegu za bakteria Clostridium botulinum hustahimili maji yanayochemka, na ndani ya chupa isiyo na hewa yenye chakula cha pH juu ya 4.6 (pH ni kipimo cha ukali, namba ikipanda ukali unapungua) huamka na kutengeneza sumu inayoua. Zinahitaji joto la nyuzi 121 hivi, yaani chombo maalumu cha presha na maelekezo yake. Nyanya ziko mpakani kabisa mwa pH hiyo, ndiyo maana nimekuambia friza.

Kuhusu mboga za kugandishwa za dukani: huwapunji watoto. Huvunwa zikiwa tayari na kugandishwa ndani ya muda mfupi, na njegere ya namna hiyo mara nyingi ina vitamini C zaidi ya njegere mbichi iliyozunguka barabarani na mezani wiki nzima. Soma tu pakiti, iwe na mboga peke yake bila mchuzi wala chumvi. Za kopo nazo zinafaa, hasa nyanya na maharage; mwaga maji yake na uyasuuze maharage, chumvi nyingi huondoka hapo. Weka pakiti mbili za kugandishwa kama akiba ya Alhamisi na Ijumaa, ili siku ya Jumamosi usinunue kwa woga. Ninachokwepa ni saladi zilizokatwa tayari na matunda ya vipande. Kila mkato ni mlango wa kuozea, na unalipia kisu cha mtu mwingine.

Jumamosi hii basi nenda na mifuko miwili iliyotengana, mmoja wa vitu vya kufa mapema na mmoja wa vitu vya kudumu, na ule wa kwanza uwe mdogo makusudi, ukijaa umeacha. Friji usiifungue kwa ajili ya ndizi. Na kama nyanya bado ziko kileleni na bei inakuchekea, chukua ndoo nyingine, lakini Jumamosi ambayo jioni yake huna mgeni.